Sini ya jumla si jumla ya sini: Kiswahili cha hisabati hakijapungukiwa na majina, kimepungukiwa na hoja

KILA unapozuka mjadala kuhusu uwezo wa Kiswahili kufundishia hisabati, mambo huishia palepale: istilahi. Anayekibeza Kiswahili huuliza kwa kejeli, "Haya, hiyo trigonometria mtaiitaje?" Anayekitetea naye hukimbilia kamusi, akarudi na fungu la majina na kulimwaga mezani. Mmoja anadai majina hayatoshi, mwingine anadai yanatosha. Bila kujua, wote wawili huwa wamekubaliana juu ya jambo moja ambalo mimi nalipinga: kwamba lugha ya hisabati ni orodha ya nomino.

Makala hii inadai kinyume. Majina tunayo, na tusiyo nayo tunaweza kuyaunda au kuyakopa bila tatizo kubwa. Tunachokosa ni mazoea ya kujenga hoja ya kihisabati kwa sentensi kamili za Kiswahili: kusema nini kimekubaliwa, nini bado kinatafutwa, kipi kinafuata kutokana na kipi, na dai lenyewe linahusu pembe zipi. Ili tusibaki katika nadharia tupu, nitachukua kazi moja ambayo huwatoa jasho wanafunzi: kuthibitisha usawa wa kitrigonometria kwa kutumia kanuni za jumla ya pembe. Tutaipitisha kazi hiyo katika Kiswahili hatua kwa hatua, tuone lugha inakwama wapi, kama inakwama.

Majina yasitutishe

Tuanze na majina ili tuyaache nyuma. Katika pembetatu mraba, sini ya pembe ni urefu wa upande unaoikabili pembe hiyo ukigawanywa kwa urefu wa upande mrefu zaidi. Kosini ni urefu wa upande unaopakana na pembe hiyo ukigawanywa kwa upande uleule mrefu zaidi. Basi. Mtu anayejua pembetatu, upande na kugawanya hana la kuogopa hapo.

Lakini "sini" ni neno la kukopa, atasema mbishi wetu, halina maana kwa Mswahili. Kweli. Wala halina maana kwa Mwingereza, na historia yake ni kichekesho. Wanahisabati wa India, akiwemo Aryabhata aliyeandika mwaka wa 499, waliutazama mstari unaokata duara kama uzi wa upinde, wakauita kwa jina la Kisanskriti la uzi huo, jya au jiva. Waarabu walilikopa neno kwa sauti yake, jiba, ambalo kwao halikuwa na maana yoyote. Kwa kuwa mwandiko wa Kiarabu hauonyeshi irabu zote, watafsiri wa Ulaya wa karne ya 12 walilisoma kama jaib, yaani uwazi wa vazi kifuani au mfuko, wakalitafsiri kwa Kilatini kama sinus. Ndiyo hiyo sini tunayoihangaikia leo: tafsiri potovu ya neno la kukopa. Hisabati haikusimama kwa sababu hiyo. Ilizidi kusonga mbele.

Lau tungetaka, tungeweza kurudi kwenye picha ya asili na kuiita "upote", maana upote ndio uzi wa upinde kwa Kiswahili. Tungekuwa karibu na Aryabhata kuliko Wazungu. Je, mwanafunzi angeelewa zaidi? Sidhani. Jina humfungulia mtu mlango tu. Kazi yenyewe iko ndani.

Tena hatuko mikono mitupu. Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ilichapisha kamusi ya biolojia, fizikia na kemia mwaka wa 1990. Katika shule za msingi za umma nchini Tanzania, watoto hujifunza hisabati kwa Kiswahili: wanasema pembenne, kipenyo, zao, kipeo na kipeuo bila kubabaika, na pembe wanaipima kwa nyuzi. Istilahi hizo zimetembea na zimezoeleka. Hivyo basi, anayesema kwamba tatizo ni majina anabisha hodi kwenye nyumba isiyo na mtu.

Ya, za na la

Kanuni ya kwanza tunayoihitaji huandikwa hivi:

sini (A + B) = sini A × kosini B + kosini A × sini B

Kosa maarufu zaidi katika mada hii ni la mwanafunzi anayeandika kwamba sini (A + B) ni sini A + sini B. Ameona mabano, akakumbuka kwamba 3(a + b) ni 3a + 3b, akaigawa sini kana kwamba ni namba inayozidishwa. Alama zinamrahisishia kosa hilo kwa sababu zinafanana. Hebu sasa tuyaseme madai hayo mawili kwa Kiswahili cha kawaida:

Sini ya jumla ya pembe mbili.
Jumla ya sini za pembe mbili.

Umesikia tofauti? Katika dai la kwanza, tunajumlisha pembe kwanza kisha tunatafuta sini, na sini hiyo ni moja. Katika la pili, tunatafuta sini mbili kisha tunazijumlisha. Kiambishi cha "za" kinatangaza wingi ambao alama hazikuutangaza. Mwalimu akimwambia mwanafunzi "sini ya jumla si jumla ya sini", amempa onyo ambalo ni vigumu kulisahau, na amempa kwa maneno saba tu.

Upatanisho wa kisarufi unafanya hapa kazi ambayo katika alama hufanywa na mabano. Tazama mfano mwingine. Alama sini²A humkanganya anayeiona mara ya kwanza: ni nini kilichopandishwa kwenye kipeo cha pili, sini au pembe? Kiswahili kinamlazimisha msemaji kuamua. Ama atasema "kipeo cha pili cha sini ya A", ama "sini ya kipeo cha pili cha A". Hakuna njia ya kukwepa. Anayeisoma alama hiyo kwa sauti, kwa sentensi kamili, tayari ameielewa kwa nusu.

Lakini tuwe wakweli: lugha hii pia ina mitego yake. Mkubwa kati ya yote ni "na". Jaribu kuisoma kanuni yetu hivi: "sini ya jumla ni zao la sini A na kosini B na zao la kosini A na sini B." Ipi kati ya hizo "na" inaunganisha vitu vinavyozidishwa, na ipi inajumlisha? Msikilizaji amepotea. Kosa hilo ni la msemaji aliyeichosha "na" kwa kuibebesha kila mzigo, na si la Kiswahili. Sema hivi: "Zidisha sini ya pembe ya kwanza kwa kosini ya pembe ya pili. Zidisha kosini ya pembe ya kwanza kwa sini ya pembe ya pili. Jumla ya mazao hayo mawili ndiyo sini ya jumla ya pembe zenyewe." Sentensi tatu fupi, na "na" haimo hata moja.

Thibitisha ya fasihi, thibitisha ya hisabati

Sasa tufike kwenye kitenzi chenyewe, maana ndipo penye donda. Mtahiniwa wa KCSE anakifahamu kitenzi "thibitisha" tangu zamani, ila amekutana nacho kwenye karatasi ya fasihi ya Kiswahili. Mathalani, ataambiwa athibitishe kwamba jamii inayosawiriwa katika riwaya fulani imeoza. Afanye nini? Anatafuta matukio matano au sita ya rushwa, ulevi na usaliti, anayaeleza kwa ufasaha, anapata alama zake. Katika uwanja wa fasihi, mifano iliyochaguliwa vyema ndiyo ushahidi.

Mtahiniwa huyohuyo akipewa usawa ufuatao:

sini (A + B) × sini (A − B) = sini²A − sini²B

kisha akaambiwa "thibitisha", atafanya alivyozoea. Atachukua A kuwa nyuzi 60 na B kuwa nyuzi 30. Upande wa kushoto unakuwa sini ya nyuzi 90 mara sini ya nyuzi 30, yaani 1 × ½, ambayo ni ½. Upande wa kulia unakuwa ¾ − ¼, ambayo pia ni ½. Pande zimelingana. Anatia kistari chini ya jibu na kukunja karatasi. Na kwa hakika hajathibitisha chochote.

Kwa nini? Kwa sababu dai linahusu pembe zote, naye amegusa jozi moja. Mtu asidhani hii ni shingo ngumu ya wanahisabati. Chukua dai la uongo kwamba sini ya 2A ni sawa na sini A mara mbili. Lijaribu kwa A iliyo 0: pande zote mbili ni 0. Lijaribu kwa nyuzi 180: tena 0 na 0. Mifano miwili imekubali! Ukitia nyuzi 30, kitumbua kinaingia mchanga: kushoto ni sini ya nyuzi 60, takriban 0.866, na kulia ni 1. Mifano elfu inayokubali haitoshi kulisimamisha dai la "kila", lakini mmoja tu unaokataa unatosha kuliangusha.

Kiswahili kina maneno mawili ambayo tungeyatenga vizuri, tungewaokoa wanafunzi wengi. Thibitisha limetokana na thibiti, kuwa imara. Kuthibitisha ni kukifanya kitu kisimame imara pasiyumbishwe na yeyote. Hakiki lina mzizi mmoja na haki na hakika. Kuhakiki ni kukagua uone kama jambo liko sawasawa. Sisi wa fasihi tumelichukua neno hilo na kujiita wahakiki, na si vibaya. Katika hisabati, pendekezo langu ni kwamba kujaribu usawa kwa pembe mahususi kuitwe kuhakiki, na kuujengea hoja inayofunika pembe zote kuitwe kuthibitisha. Kuhakiki kwanza ni busara, maana huwezi kupoteza saa nzima ukithibitisha uongo. Ila tusikubali kuhakiki kupewe alama za kuthibitisha.

Kuna neno jingine la kuchunga: "yoyote". Swali likisema "onyesha kwamba usawa huu ni kweli kwa pembe yoyote", mwanafunzi ana haki ya kusikia "chagua pembe yoyote uitakayo". Akachagua 30 kwa kuwa ni rahisi. Katika mazungumzo yetu ya kila siku, "chukua yoyote" ni ruhusa ya kuchagua. Mtunga swali alikusudia "kila". Basi aseme "kila pembe", na ugomvi uishe.

Ikiwa, maadamu na lau

Kosa la pili ni la hila zaidi, na hata walio wazuri huanguka nalo. Mwanafunzi anaandika usawa anaotakiwa kuuthibitisha kama mstari wake wa kwanza. Kisha anazifanyia kazi pande zote mbili kwa pamoja, anahamisha huku, anapandisha kipeo kule, hadi anafika kwenye jambo lisilopingika, kama 1 = 1. Anafurahi.

Ukimtaka aisome kazi yake kwa sauti, kwa sentensi, uchi wake unaonekana. Amesema: "Ikiwa dai hili ni kweli, basi 1 ni sawa na 1." Naam, lakini 1 ni sawa na 1 hata dai likiwa uongo! Mfano: mtu adai kwamba kosini ya kila pembe A ni sawa na kipeuo cha pili cha 1 − sini²A. Apandishe pande zote kwenye kipeo cha pili, apate kosini²A = 1 − sini²A, ambayo ni kweli daima. Je, dai lake la mwanzo ni kweli? Hata kidogo. Kwa nyuzi 180, kosini ni −1, na kipeuo alichokiandika ni 1. Kupandisha kipeo kumeifuta alama ya kutoa, na uongo umepita mlangoni bila kukaguliwa.

Hapa Kiswahili kina utajiri ambao sijui kwa nini tunaukalia. Tuna "ikiwa", linaloacha jambo wazi: huenda ni kweli, huenda si kweli. Tuna "maadamu", linalotangaza kwamba jambo limekwisha kukubaliwa na sasa tunalijengea juu. Tuna "lau", likisaidiwa na -nge-, linalochukua jambo tusiloliamini ili tuone litatufikisha kwenye balaa gani. Viunganishi hivyo vitatu ndivyo uti wa mgongo wa hoja za hisabati. Havikuundwa na jopo lolote la istilahi. Bibi zetu waliamua mashauri navyo.

Tazama "lau" ikifanya kazi: Lau sini ya jumla ingekuwa jumla ya sini, sini ya nyuzi 60 ingekuwa ½ + ½, yaani 1. Upande unaoikabili pembe ungelingana na upande mrefu zaidi, na upande wa tatu usingekuwa na urefu wowote. Pembetatu yenyewe isingekuwepo. Kwa hivyo dai hilo halisimami. Huo ni ukanusho kamili, na mtu aliyesoma kurasa za gazeti hili kwa mazoea anaweza kuufuata bila kugusa kikokotoo.

Hebu tuthibitishe

Turudi kwenye usawa wetu tuuthibitishe ipasavyo. Tunaanza na upande mmoja, wa kushoto, na hatuugusi wa kulia mpaka tufike.

Maadamu kanuni ya jumla ya pembe imekubaliwa, sini (A + B) ni sini A × kosini B + kosini A × sini B. Kanuni dada yake inasema sini (A − B) ni mazao yaleyale mawili, ila la pili linatolewa badala ya kujumlishwa. Kwa hivyo upande wa kushoto ni jumla ya vitu viwili ikizidishwa kwa tofauti ya vitu hivyohivyo. Kila aliyepita kidato cha pili anajua kwamba zao la aina hiyo ni kipeo cha pili cha kitu cha kwanza kutoa kipeo cha pili cha kitu cha pili. Tunapata:

sini²A × kosini²B − kosini²A × sini²B

Tukumbuke tunakoelekea: upande wa kulia hauna kosini hata moja. Basi tuziondoe. Maadamu kwa kila pembe jumla ya sini²  na kosini² ni 1, tunaweza kuandika 1 − sini²B mahali pa kosini²B, na 1 − sini²A mahali pa kosini²A:

sini²A × (1 − sini²B) − (1 − sini²A) × sini²B

Tukifungua mabano, zao la sini²A na sini²B linatokea mara mbili, mara ya kwanza likitolewa na mara ya pili likijumlishwa. Yanafutana. Kinachobaki ni sini²A − sini²B, na huo ndio upande wa kulia. Hatukutaja nyuzi 30 wala 60. Hakuna pembe iliyobaki nje.

Msomaji makini atauliza: na hiyo kanuni ya jumla ya pembe "imekubaliwa" na nani? Swali zuri. Maadamu bila msingi ni porojo. Abu al-Wafa al-Buzjani, mwanahisabati wa Baghdad wa karne ya 10, ni miongoni mwa waliothibitisha kanuni hii. Mizizi yake ni mirefu zaidi, inafika Alexandria nchini Misri, kwa Ptolemy wa karne ya 2. Yeye alionyesha kwamba pembenne ikichorwa ndani ya duara, ncha zake zote nne zikigusa mzingo, basi zao la mistari miwili inayoungana ncha zinazokabiliana ni sawa na jumla ya mazao ya pande zinazokabiliana.

Chukua kalamu na karatasi. Chora duara lenye kipenyo cha urefu wa 1. Kipenyo hicho kiite PR. Weka ncha Q kwenye mzingo upande mmoja wa PR, na ncha S upande wa pili. Pembe iliyoko P kati ya PQ na PR iite A. Ile iliyo kati ya PR na PS iite B. Tuseme jumla ya A na B haifiki nyuzi 90.

Maadamu PR ni kipenyo, pembe zilizoko Q na S ni pembe mraba. Na maadamu PR ina urefu wa 1, QR ni sini A, PQ ni kosini A, RS ni sini B, na PS ni kosini B. Imebaki QS. Chora kipenyo kingine kutoka Q kifike T. Pembe iliyoko T katika pembetatu QTS inatazama mstari uleule wa QS unaotazamwa na pembe nzima iliyoko P, na iko upande uleule; kwa hivyo nayo ni A + B. Pembetatu QTS ina pembe mraba pale S, na upande wake mrefu zaidi ni 1. Basi QS ni sini (A + B).

Sasa mwachie Ptolemy. PR mara QS ni sawa na QR mara PS, ukijumlisha PQ mara RS. Yaani 1 mara sini (A + B) ni sini A × kosini B + kosini A × sini B. Kanuni imesimama, tena bila ya hata neno moja la Kiingereza.

Angalia pia sentensi ile ya "haifiki nyuzi 90". Mchoro huu umethibitisha kanuni kwa pembe hizo tu. Kwa pembe kubwa zaidi hoja inaendelezwa kwa njia nyingine, na inafaulu. Lakini mwandishi mwaminifu hutaja mipaka ya alichokithibitisha, hadai "kila" kabla ya kuilipia.

Tufanye nini?

Humu Kenya hisabati ya shule za upili hufundishwa kwa Kiingereza, na makala hii haitaibadilisha hali hiyo kesho. Hata hivyo, ni jambo la kawaida mwalimu kuona nyuso zimeganda, akaiacha lugha ya kitabu na kueleza kwa Kiswahili. Maelezo hayo ndiyo yanayoelewesha, na ndiyo yanayopotea kengele ikilia, kwa kuwa hakuna anayeyaandika. Katiba ya 2010 ilikifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa na mojawapo ya lugha rasmi. Lugha rasmi inayoweza kutangaza, kuapisha na kuomba kura, ila isizoezwe kuthibitisha, imebanwa.

Waandishi wa vitabu na wakuza lugha, tupunguze kasi ya kuorodhesha nomino, tuandike thibitisho zilizokamilika. Faharasa yenye istilahi 1,000 bila ya hoja hata moja ni kama sanduku la misumari bila nyundo. Walimu wa fasihi nao wana sehemu yao. Wanapomwambia mwanafunzi "thibitisha", wamfafanulie kwamba mifano yake inaonyesha tabia iliyopo katika kazi, haimpi ruhusa ya kusema "wote" na "daima". Uhakiki mwingi tunaousoma, wa wanafunzi na wa wakubwa pia, unadai kwamba mwandishi fulani "daima" huwadhalilisha wanawake, kisha unatoa kurasa mbili za ushahidi. Huo ni mchezo uleule wa nyuzi 30.

Kwa atakayetaka kujipima, hii hapa kazi ya wiki. Kosini (A + B) ni kosini A × kosini B − sini A × sini B, na kosini (A − B) ni hivyohivyo isipokuwa unajumlisha. Thibitisha kwamba, kwa kila A na kila B, kosini (A + B) × kosini (A − B) = kosini²A − sini²B. Anza na upande mmoja. Andika sentensi, si alama pekee, na kila hatua uitangulize kwa "maadamu" au uifuatishe kwa "kwa hivyo". Ukimaliza, msomee mtu asiyeipenda hisabati, uone ni wapi atakukatiza kuuliza "kwa nini?"